Waya, Hawakuuchoka Mkutano Wako

Mpendwa Waya,

Salamu ya kwanza nampa mwanao Owino, maana najua ndiye anayekusomea. Owino ndugu yangu, soma polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke. Mama yako akikuuliza mbona umenyamaza, meza mate kisha uendelee. Nimeandika kwa Kiswahili na si kwa Dholuo, kwa sababu Kiswahili ndicho tulichotumia mkutanoni, ili Mwalimu Chacha wa Kegonga na Bwana Salim wa dukani wasikae pale kama mabubu. Nakala za barua hii nimewapelekea wote waliokuwa wakija kwako. Nataka wayasikie haya kama utakavyoyasikia wewe, bila kupunguza.

Waya, watu walitua mwezini. Najua habari imekwisha kufika huko Shirati, na najua umeuliza walikula nini. Mimi niliisikia asubuhi kwenye redio ya mwalimu mkuu, hapa Migori, chaki bado mkononi. Walimu wenzangu walibishana kama ni kweli au ni mchezo wa Wazungu. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikalia. Sikulia kwa ajili ya mwezi. Nililia kwa sababu mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia alikuwa wewe, shangazi yangu, na hukuwepo tena Homa Bay, na hukuwepo kwa sababu yangu.

Nitafika huko, usiniharakishe. Unanijua, hata mtoni huwa naanza na vidole vya miguu.

Unakumbuka ilivyoanza? Wewe husema ni Mungu, mimi nasema ni mandazi. Mume wako, Mungu amrehemu, alifanya kazi kwenye meli ya ziwani, na abiria wa daraja la juu walipokuwa wakishuka waliacha magazeti yao vitini. Akayakusanya kwenye gunia, akakuletea hotelini kwako pale karibu na gati, upate karatasi ya kufungia. Hukusoma shule hata siku moja, kwa hiyo kwako karatasi ilikuwa karatasi. Ulichana ukurasa, ukafunga mandazi mawili, ukampa mteja, basi.

Kumbe ndani ya gunia lile mlikuwa na magazeti ya Kiingereza yenye hadithi za safari za nyotani. Jalada lilikuwa na mtu aliyevaa kitu kama chungu cha kioo kichwani, amesimama juu ya udongo mwekundu, na wewe ulisema huyo amepotea njia akatokea Kegonga. Zakayo ndiye aliyenaswa wa kwanza. Alikuwa ameleta sukari guru gatini kutoka kiwanda kidogo cha Awendo anakofanya kazi, akanunua mandazi, akaanza kusoma karatasi huku akitafuna. Nahodha wa meli ya angani alikuwa anavuta mlango wa meli, mlango haufungi, na ukurasa ukaishia hapo. Zakayo akarudi akanunua mandazi sita, akayafungua moja moja mbele yako wala hakuyala.

Ulimuuliza, "Sasa wewe unatafuta nini ndani ya mandazi yangu?"

Akakujibu, "Mama Owino, natafuta mlango umefungwa ama haujafungwa."

Mtu mwingine angemfukuza. Wewe uliweka mikono kiunoni ukataka kujua ni mlango gani. Alipokwisha kukueleza, nawe ukashikwa. Ukaanza kuuliza kila aliyepita: uliondoka na karatasi gani, imeandikwa nini, iko wapi. Ukurasa wa mlango ulikuwa dukani kwa Bwana Salim, umewekwa chini ya mguu wa mizani isitikisike. Uliofuata ulikuwa umepanda baiskeli na Mwalimu Chacha hadi Kegonga. Mwingine ulikuwa kwa Okelo, mshona nyavu wa Sori. Ukatuma neno kwamba Jumamosi ya kwanza ya Desemba, shule zikishafungwa, kila mwenye kipande aje nacho. Ukaazima benchi za kanisa, ukakaanga samaki wa ngege, na watu wakaja kutoka pande zote hizo kusikia kama mlango wa meli ulifungwa.

Ulifungwa. Bwana Salim alipousoma ule ukurasa, ulipiga makofi hata mhubiri akaja kuchungulia.

Tangu siku ile ndivyo tulivyofanya kila mwaka. Mkutano ukiisha, wewe mwenyewe ulikata hadithi nyingine vipande vipande, ukamfungia kila mtu mandazi yake ndani ya kipande chake, naye akaenda nacho nyumbani. Mwaka mzima alikisoma, akatafuta maneno magumu kwenye kamusi, na Desemba akaja kutusimulia kwa Kiswahili zamu yake ilipofika. Hakuna aliyeruhusiwa kumwambia mwenzake mapema. Nimekutana na Zakayo sokoni mara ngapi, kila mmoja anajua kitu ambacho mwenziwe hakijui, tukasalimiana kwa macho ya wezi.

Nawe ulikaa mbele, kwenye kile kiti kifupi, kwa sababu ulisema hadithi lazima iwe na mtu wa kuambiwa. Ulikuwa msikilizaji msumbufu. Kila baada ya muda uliinua mkono. "Rudi nyuma kidogo. Alikula nini?" Wazungu walioandika zile hadithi hawakukumbuka kumlisha nahodha wao, na mara ya kwanza Mwalimu Chacha alisema kweli kama ilivyoandikwa, kwamba nahodha alimeza kidonge. Ulikasirika. "Kidonge? Mtu mzima, na safari yote hiyo? Mpikieni." Basi tukajifunza. Baada ya hapo hakuna aliyesimama kusimulia bila kuandaa chakula cha nahodha mapema, na siku moja Okelo alimlisha kuon, ugali wetu, na omena huko huko kwenye nyota, ukasema sasa hadithi imekaa vizuri.

Na ule mkasa wa mjane, bado nikiufikiria darasani hucheka peke yangu, watoto wakadhani nimerukwa na akili. Miaka miwili mizima tulifuata safari ya nahodha kumtafuta ndugu yake aliyepotea. Akatua mahali, na katika kipande kilichofuata akatokea mjane mmoja mwenye shamba na ng'ombe wakaidi. Hatukushangaa. Tulijua amefika kwa mtu. Mjane akawa analalamika juu ya ng'ombe, nahodha akawa anapigana na baridi ya angani, mjane tena, nahodha tena, na sisi tukaona ni ndoa kama ndoa nyingine. Ni Bwana Salim aliyegundua, kwa sababu yeye huifahamu karatasi kwa kidole.

Alisema, "Jamani, hizi si za gazeti moja. Hii nyembamba, hii nzito. Hapa mna hadithi mbili."

Mimi nilikuwa wa kwanza kusema zitenganishwe, tuanze upya, kila moja na njia yake. Chacha akaniunga mkono. Ukatutazama kama watu waliotaka kuvunja nyumba ya mtu. "Hawa wamekaa pamoja miaka miwili," ulisema, "leo nyinyi mnataka kuwaachanisha kwa sababu ya karatasi?" Hatukuwaachanisha. Mpaka leo mimi sijui yule nahodha angefanya nini bila wale ng'ombe.

Hapo tulikuwa kumi na saba. Nakumbuka kwa sababu ulikuwa na sahani kumi na sita, nawe ulikula kwenye sufuria. Hata ule wakati ziwa lilipopanda likameza gati, maji yakaingia hotelini mpaka magotini, watu walikuja. Ulihamisha mkutano nyumbani kwako kule juu, na Mwalimu Chacha akapanda mlima amekunja suruali, kipande chake amekifunga kwenye nailoni ndani ya kofia. Nayasema haya kwa sababu baadaye tulipoanza kupungua, tuliitafutia sababu kila kona. Kama maji yale hayakuwazuia, kitu kingine kilikuwa na nguvu kuliko maji.

Sasa nafika. Owino, hapa ndipo.

Mwaka uliofuata uhuru nilirudi kutoka chuo cha ualimu. Kichwa kilikuwa kimenivimba, Waya, wewe uliona na hukusema kitu. Nilijiita katibu wa mkutano. Nilitengeneza daftari, nikaandika majina, nikagawa zamu. Desemba ile Zakayo akaja mikono mitupu. Kipande chake kilikuwa kimeliwa na mbuzi, na badala ya kusema hivyo akasimama akatunga. Alitunga vita, akatunga mvua ya mawe mekundu, akamfanya mmoja wa wale ng'ombe aokoe meli. Ulicheka mpaka kitambaa kikakudondoka kichwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima kujua kilichoandikwa.

Nilisimama mbele ya watu wote nikasema, "Huyu anadanganya. Hayo hayamo."

Ukanijibu huku unajifuta machozi, "Nyathina, mwanangu, na yule aliyeandika huko Ulaya, yeye alikwenda?"

Watu wote wakacheka. Nilihisi wananicheka mimi, mwalimu mpya, na nadhani hilo ndilo lililonikaa rohoni kuliko mbuzi wala uongo. Zakayo alikuja kuniomba radhi nikamwitikia kwa ncha ya ulimi.

Mwaka uliofuata, karibu Desemba, uliniita niandike barua za mwaliko kama kawaida yetu. Wewe ulisema, mimi niliandika, kisha ukachovya kidole gumba kwenye wino wa muhuri wa Bwana Salim ukakigandamiza chini ya kila barua. Zikaenda.

Wakaja tisa.

Ulishangaa, lakini ukasema labda mvua. Mwaka wa pili tukawa watano, na hapo tukaanza kueleza. Tukasema uhuru umeleta kazi nyingi, watu wanahamishwa. Tukasema wengine wameoa na wake zao hawataki habari za nyota. Bwana Salim akasema ni redio, siku hizi mtu anakaa kwake anasikia dunia nzima. Kila aliyetoa sababu ulimwitikia kwa kichwa, na mwaka uliofuata ukakaanga samaki wa watu kumi na saba vilevile.

Tulikuja watatu: mimi, Bwana Salim, na Okelo kutoka Sori. Vipande vyetu havikushikana. Okelo alikuwa na mwanzo, mimi mwisho, Bwana Salim alikuwa na mahali fulani katikati, na kati yetu palikuwa na mashimo ambayo huwezi kuyaruka. Tulijaribu. Hukuinua mkono kuuliza alikula nini. Walipoondoka, ulizifunika sahani moja moja, samaki mzima ndani ya kila sahani, kisha ukaniuliza bila kunitazama.

"Nyathina, niliwakosea nini?"

Nikakujibu, "Hukuwakosea, Waya. Watu wana kazi nyingi."

Ukasema, "Kazi," ukaniambia niwapelekee majirani wale samaki.

Mwaka huo huo ulinirudishia kipande kile cha mwisho wa hadithi nikitunze, kwa kuwa hakikupata kusimuliwa. Nilikiweka juu ya kabati hapa Migori. Paa la nyumba za walimu lilivuja, na nilipokwenda kukichukua Desemba iliyopita kilikuwa kimegeuka uji. Gauni nilikuwa nimelipiga pasi. Kikapu kilikuwa mlangoni. Nikakaa kitandani na ule uji mikononi, na sikuja. Sikuja kwa sababu ya karatasi, mimi ninayejua hadithi ile ilivyokwisha na ambaye ningeweza kukusimulia nikiwa nimefumba macho. Na pale kitandani ndipo nilipojua kwa nini wengine wote walikuwa hawaji. Nilijua, Waya, na nikanyamaza.

Bwana Salim aliniambia baadaye. Mlikuwa wawili. Alikula, akakushukuru, akaenda kuswali, akarudi akakuta umeshazirudisha benchi kanisani. Kabla ya Pasaka ulifunga hoteli ukaenda kukaa kwa Owino. Ukamwachia neno: "Waambie sikukasirika." Bwana Salim alinieleza hilo kwa furaha, akidhani ni habari njema. Mimi sijalala vizuri tangu siku ile.

Mwezi ndio ulionisukuma. Jumamosi iliyofuata niliingia Awendo kumtafuta Zakayo. Nilimkuta kwenye yale mabeseni makubwa ya kuchemshia maji ya miwa, ananuka moshi na utamu, mvi zimeanza. Sikujua angenipokeaje. Aliacha mwiko, akajipangusa mikono, na neno lake la kwanza lilikuwa juu yako.

"Mama Owino ako? Alisikia hii maneno ya mwezi?"

Nikamwambia umehamia Shirati.

"Aah. Mimi nilitaka kwenda kumwona. Lakini nilijua bado amenikasirikia."

Alinipeleka nyumbani kwake, hatua chache tu. Kwenye sanduku la nguo, chini kabisa, alitoa ile barua ya mwaliko, imekunjwa mara nne, kidole chako kiko chini. Na pamoja nayo akatoa kipande chake cha mwaka ule wa barua, si kile cha mbuzi. Kizima, Waya. Hakikuguswa na mbuzi wala na mvua. Nilimuuliza mbona basi hakuja, naye alikuwa nacho.

"Si nilijua hiyo barua inanisema mimi?" alisema. "Mimi ndio nilikuja bila karatasi. Sasa mama ameweka kidole hapo, mimi nitaingia na uso gani?"

Nikamwomba anisomee. Alisoma, ingawa naijua kwa moyo, kwa sababu mkono ulioiandika ni wangu. Inasema: Asiye na kipande chake asijisumbue kuja.

Waya, hukusema hivyo. Wewe unajua hukusema hivyo, na labda Owino sasa ameacha kusoma na mnatazamana. Endelea, Owino. Siku ile uliniambia, nami nakumbuka ulikuwa unachambua dagaa na hukuinua hata macho, "Waambie Jumamosi ya kwanza. Waambie samaki wako. Asiye na karatasi aje na mdomo." Hayo ndiyo maneno yako. Nikaandika yangu. Kisha ukasema nikusomee kama zimeandikwa sawa, na nikakusomea maneno yako mwenyewe, moja moja, nikiwa nimeshika karatasi ambayo hayakuwemo. Ukafurahi. Ukachovya kidole ukagandamiza barua kumi na tano, na kila moja ilikuwa inamfukuza mtu kwa jina lako.

Sitajitetea sana. Niliona mkutano unageuka mzaha. Nilitaka uwe na utaratibu, uwe kama mambo niliyoyaona chuoni, na nilitaka Zakayo aone haya kidogo. Nilidhani ningemfundisha mtu mmoja adabu. Sikufikiri kwamba karatasi ni karatasi, inalowa, inararuliwa na watoto, inaanguka ziwani, na kila mwaka mtu mwingine angepoteza ya kwake akajiona hastahili kukaa mbele yako. Walikuheshimu mno kukiuka neno lako. Kama wangekuwa hawakupendi wangekuja tu.

Nilimwambia Zakayo ukweli palepale. Alirudi kwenye mabeseni yake, akachukua mwiko, akakoroga kwa muda mrefu bila kunitazama, na mimi nikasimama kwenye moshi ule kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Mwishowe akasema, "Mwalimu, miaka minne. Mimi nilikuwa napita Homa Bay na mzigo, nikifika karibu na hoteli yake nazungukia nyuma ya soko asinione."

Nikaanza kumwomba msamaha.

"Usiniombe msamaha mimi," akaendelea. "Mwandikie yeye. Na wengine pia uwaambie."

Ndivyo nilivyofanya. Kwanza niliwaandikia wao barua fupi, kila mmoja, nikaeleza kwamba lile neno halikuwa lako, kisha nikaandika yale uliyosema kuhusu samaki na mdomo, kama ulivyoyasema. Chini sikuweka kidole cha mtu. Niliweka jina langu lote. Majibu yamekuja kwa njia walizozipata. Mwalimu Chacha ameandika kurasa mbili, na nusu ya hizo ananikaripia kwa haki kabisa. Anasema kipande chake cha mwaka ule watoto wake walikibandika ukutani kwa ugali, hakikubanduka, na kila asubuhi wakati wa kunywa chai alikuwa anakiona na kujiuliza kama anaweza kuja Homa Bay na ukuta. Atakuja. Okelo alituma neno na wauza samaki kwamba chake kilianguka ziwani, na kwamba mkewe naye anataka kuja safari hii, kwa sababu amechoka kusikia habari za mama anayemlisha nahodha. Bwana Salim amekwisha kuzungumza na mhubiri juu ya benchi. Wengine bado hawajajibu, na wawili nimesikia wako Nairobi. Lakini mpaka leo asubuhi tuko kumi na mmoja bila kukuhesabu wewe.

Hawakukuchoka, Waya. Ulikaa na swali lile miaka yote hiyo, ukalibeba mpaka ng'ambo ya mpaka, na jibu lake nilikuwa nalo mimi niliyekaa karibu nawe kuliko wote. Hukuwakosea kitu. Kila mmoja wao kwake alikuwa akijiuliza yeye alikukosea nini.

Ninakukosa vibaya. Nakosa unavyoita jina langu kutoka jikoni kana kwamba nyumba inaungua, halafu nikifika unataka tu nionje chumvi. Nakosa kile kiti kifupi na mkono wako unaopanda katikati ya sentensi yangu. Juzi nilikuwa nawafundisha watoto wa darasa la tano habari za mwezi, jinsi ulivyo mkavu, hauna maji wala upepo, na msichana mmoja akaniuliza wale watu walikula nini kule. Nikawaambia watoe vitabu vya hesabu.

Sitaki unisamehe kwa barua. Ukimwambia Owino aniandikie kwamba yamekwisha, nitajua umesema hivyo ili nisiumie, maana ndivyo ulivyo, na sitaamini. Njoo mwenyewe Jumamosi ya kwanza ya Desemba, nitakungoja stendi ya Migori asubuhi tushuke Homa Bay pamoja, au usipotaka kusafiri nami, Owino akulete. Njoo unigombeze kwa sauti yako mbele ya watu niliowafukuza. Nitasimama hapo mpaka umalize.

Na ikiwa hutakuja, hiyo nayo ni haki yako. Nitakaanga samaki mimi, vibaya kama unavyojua, na watu wakishakaa wataniuliza uko wapi. Nitasimama mbele yao niwaambie kwamba mwaka huu katika mkutano huu amekosekana mtu mmoja tu, na kwamba huyo nilimfukuza mimi.

Baki na amani, Waya, mpaka nikuone au mpaka unikatalie.

Mtoto wa kaka yako, uliyempa kalamu ukamwamini,

Akinyi